Kosa la Kujiandaa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya kutoa vibali imefungwa kwa ukarabati tangu nikiwa na nywele nyeusi. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya haki. Hilo limeandikwa kwenye stempu, kwenye vifungo vya sare za askari, na juu ya mlango wa mahakama ambako mimi, Mbaruku, nimesimama miaka ishirini na sita nikiita majina. Naita mara tatu. Anayeitika anaingia. Asiyeitika anahesabiwa kuwa ameidharau mahakama, hata kama alifariki mwaka juzi, na kwa kosa hilo tumekwishawafunga marehemu kadhaa.

Nasimulia haya kama mtumishi mtiifu asiye na kinyongo na mtu.

Chumba cha nyuma pale mahakamani kilikuwa cha mpiga chapa wetu, Bi Sikudhani Mwinyikai. Kwa miaka kumi na tisa alizipiga chapa hukumu zote za jimbo. Majaji waliandika kwa mkono, kwa haraka, na yeye ndiye aliyezifanya zisomeke. Ikitokea jaji amesahau kuandika sababu ya kumfunga mtu, Sikudhani alipanda ngazi kumkumbusha, na jaji alimshukuru sana, akatunga sababu palepale.

Alikuwa na mdogo wake, Makame, fundi mwashi. Makame aliitwa kujenga nguzo mbili za geti kwenye nyumba ya Mheshimiwa Bukheti, Waziri wa Haki, Utulivu na Subira. Nguzo zikasimama vizuri. Asubuhi ya kulifunga geti, geti halikuonekana, na Makame akakamatwa kwa kuliiba. Siku tisa baadaye geti lilirudi kutoka kwa fundi wa rangi, alikokuwa amelipeleka dereva wa Waziri mwenyewe, likafungwa kwenye nguzo zilezile. Lakini faili lilikuwa limeshafunguliwa. Makame aliingia mahabusu akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Sheria yetu inamjali sana mshtakiwa. Inasema asiye na wakili asisikilizwe, asije akajidhuru kwa maneno yake mwenyewe. Ndugu yake haruhusiwi kumsemea. Jimbo zima lilikuwa na mawakili kumi na mmoja, wote wa serikali. Kwa hiyo kesi ya Makame iliahirishwa kila mwezi mpaka apate wakili, na wakili hakuwepo.

Siku moja, akiipiga chapa upya Sheria ya Chuo cha Sheria iliyoliwa na mchwa, Sikudhani alifika kifungu cha kumi na tisa, akasimamisha vidole. Kifungu kilisema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kusimama mahakamani upande wowote, kumtetea au kumshtaki mtu, awe ndugu yake au asiwe. Kiliwekwa ili watoto wa wakubwa wapate watu wa kujaribia. Kifungu cha nne kilisema kwamba yeyote atakayepata alama themanini katika mtihani uliosimamiwa na Baraza la Mitihani ni mwanafunzi tangu saa matokeo yake yanapogongwa muhuri.

Alinifuata mlangoni na karatasi mkononi.

"Kaka Mbaruku, hiki kifungu kinasema 'yeyote', sivyo?"

Nilisoma, nikamwambia ndivyo kilivyosema, ila sikuamini kama kilikusudia hivyo. Akaniambia hakuuliza kilichokusudiwa.

*

Mtihani huo unaitwa Mtihani wa Kupima Akili ya Kisheria. Una maswali mia moja, kila swali na majibu matano ya kuchagua, kwa saa tatu. Miaka yote wamefaulu watoto wa viongozi tu, kwa sababu wao walipewa mtihani wiki moja kabla, wasije wakashtuka. Wengine wote walishtuka.

Sikudhani alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alitafuta mitihani ya zamani kwenye kabati la vielelezo, akaipata minane, na kila asubuhi saa kumi na mbili alikuwa chumbani kwake kabla mahakama haijafunguliwa. Siku ya kwanza alikaa kuufanya mmoja mzima bila kusoma chochote, ili ajue alipo. Alipata thelathini na moja. Nilitaka kumpa pole, nikamkuta anatabasamu. Alisema sasa anajua panapovuja.

Akafungua daftari. Kila swali alilokosa aliliandika upande mmoja, upande wa pili jibu alilochagua, na chini yake sababu iliyomfanya alichague. Hiyo sababu ndiyo aliyoisoma na kuirudia. Baada ya wiki tatu aligundua kwamba makosa yake mengi yalitoka mahali pamoja. Kulikuwa na swali lisemalo: "Watumishi wote wa umma ni waaminifu. Kitwana ni mtumishi wa umma. Kwa hiyo Kitwana ni nani?" Yeye alikuwa amechagua "Haiwezekani kujua."

"Najibu ninayoyajua," aliniambia. "Mtihani unauliza yaliyoandikwa tu. Kosa langu ni kuishi humu nchini."

Tangu hapo alisoma swali kama mgeni aliyeshuka jana. Aliweka saa mezani, dakika moja na sekunde arobaini na nane kwa kila swali. Lililomkaba aliliwekea alama na kulirudia mwisho. Na kila alipomaliza kundi la maswali aliniita, akanieleza kwa nini jibu lile ni sahihi na kwa nini yale manne si sahihi. Mimi nilikomea darasa la saba. Nilimuuliza kwa nini asimtafute msomi. Akasema msomi angetikisa kichwa kwa adabu hata asipoelewa, bali mimi uso wangu hauwezi kudanganya. Nikikunja kipaji cha uso anajua kwamba yeye mwenyewe hajaelewa.

Nilikunja kipaji kwa miezi saba. Alama zilipanda mpaka arobaini na nne, zikashuka thelathini na tisa, akalia siku hiyo, kisha sitini, sabini na mbili, themanini na tano. Mtihani wa nane ulimpa tisini na nne. Ndipo akaenda kujiandikisha.

*

Mwaka huo Baraza lilipata katibu mpya. Alisoma kwenye kanuni kwamba mtihani ni siri, akadhani maana yake ni siri, akaufungia kwenye sanduku la chuma mpaka siku yenyewe. Baadaye alihamishiwa idara ya mabwawa.

Matokeo yalipotoka, nchi ilitikisika. Watoto wa viongozi walianguka wote. Bonaventura Bukheti, mtoto wa Waziri, alipata kumi na mbili. Aliyeongoza, kwa alama tisini na sita, alikuwa mpiga chapa wa mahakama ya jimbo. Kabla muhuri haujayagusa matokeo yale, yalisimamishwa, na ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Ufaulu Usiotarajiwa.

Tume ilifanya kazi kwa uzalendo mkubwa. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia nne na ilitoa jibu moja: mama huyu alijiandaa. Kuhusu Bonaventura, wataalamu walieleza kwamba mtu akifumba macho na kuchagua majibu ovyo atapata kama alama ishirini. Kupata kumi na mbili, walisema, ni ushahidi wa akili safi isiyochafuliwa na maandalizi hata kidogo. Tume ilipendekeza wote waliopata chini ya ishirini waingie Chuo mara moja. Waliingia. Matokeo ya Sikudhani yakafutwa.

Mheshimiwa Waziri alilihutubia taifa. Nilimsikiliza redioni, na hakika ilikuwa hotuba nzito.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtihani ni mzani. Mtu anayekwenda kupimwa uzito, anakula kwanza ugali wa watu wanne? Mama huyu amekula ugali wa watu wanne, halafu anatuambia yeye ni mnene. Sisi tunataka wanasheria wenye uzito wao wenyewe, uzito wa kuzaliwa nao."

Bunge lilipiga makofi mpaka meza moja ikapasuka. Jioni hiyohiyo ikapitishwa Sheria ya Kulinda Usafi wa Mitihani. Mtahiniwa atakayesoma swali la zamani, miezi sita. Atakayelisoma na kutafuta jibu, mwaka mmoja. Atakayelisoma huku akitazama saa, atawekwa ndani mpaka asahau. Sheria ilianza kutumika mwaka uliotangulia, ili isichelewe.

*

Siku ya kesi nilimwita Sikudhani Mwinyikai mara tatu, ingawa alikuwa amesimama mbele yangu na pingu, umbali wa mkono. Aliitika mara ya kwanza. Nilimalizia mbili zilizobaki kwa mujibu wa kanuni.

Aliyeshika mashtaka alikuwa Bonaventura Bukheti, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kifungu cha kumi na tisa. Joho lake lilikuwa na mikunjo ya kiwandani. Shahidi wa kwanza wa serikali, na wa pekee, nilikuwa mimi. Kwa kuwa ndiye muita majina, nilitoka nje ya mlango, nikajiita mara tatu, nikaitika, nikaingia.

Ningeweza kusema sikuona kitu. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Lakini nilikuwa nimeapa, na nilidhani kwamba kama mtu hakufanya ubaya, ukweli hauwezi kumdhuru. Nilikuwa na miaka hamsini na nne na niliamini hivyo. Nikasema yote: saa kumi na mbili asubuhi, daftari, saa mezani, kipaji changu. Bonaventura alifurahi akasahau kukaa.

Sikudhani alijitetea mwenyewe, kwa kuwa mashtaka ya Usafi yanamruhusu mtu kujisemea. Waliona haina hatari. Hakunikasirikia. Aliniuliza swali moja tu.

"Kaka Mbaruku, siku ile ya mtihani wa nane, nilikuwa nimekwisha kujiandikisha?"

"Hapana. Ulikwenda kujiandikisha kesho yake."

Akamgeukia Jaji Fumbwe. Alisema kwamba sheria inamwadhibu mtahiniwa anayejiandaa. Mtu huwa mtahiniwa anapojiandikisha. Yeye tangu ajiandikishe hakufungua hata ukurasa mmoja, na serikali haikuleta shahidi wa kusema alifungua. Aliyekuwa akisoma asubuhi zile alikuwa mpiga chapa, na hakuna sheria inayomkataza mpiga chapa kusoma. Aliyasema haya taratibu, kama alivyokuwa akinieleza mimi.

Jaji Fumbwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mzee huyu hukumu zake zote zilipitia mikono ya Sikudhani. Alikwenda chumbani kwake, akakaa muda mrefu, akarudi na karatasi aliyoiandika mwenyewe, ikampa taabu kuisoma.

"Hoja ya mshtakiwa ni sahihi," alisema. "Mahakama imeitafuta kasoro na haikuiona. Ndiyo maana mahakama inajiuliza: hoja isiyo na kasoro imetoka wapi? Mtu asiyejiandaa hawezi kuisema. Mshtakiwa amejitia hatiani kwa kinywa chake."

Ikaamriwa awekwe ndani mpaka asahau. Kila baada ya siku tisini Baraza lingempelekea mtihani gerezani. Siku atakayopata chini ya arobaini, angehesabiwa amepona, angerudi kwake.

Nilimfungulia mlango atoke. Yeye aliniomba nimpelekee Makame salamu, kwa kuwa gereza lao ni moja ila ukuta unawatenga, na nimwambie ale hata kama chakula hakiliki.

*

Siku tisini hizo hakuruhusiwa karatasi, kalamu, wala gazeti la kufungia sabuni. Kila jioni mkuu wa gereza aliandika kwenye kitabu, "Mfungwa hakusoma," akatia sahihi. Serikali ilikuwa makini sana katika hilo.

Siku ya mtihani wa kusahau nilitumwa na mahakama kwenda kuushuhudia. Sikudhani alikuwa amekonda, vidole vyake vimepasuka kwa kufua. Walimwekea meza uani. Katibu wa Baraza alipokwenda kunawa, nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba kazi ni nyepesi: achague jibu la kwanza kwa maswali yote mia, atapata kama ishirini, jioni yuko kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mtihani huu unasimamiwa na Baraza lenyewe. Nikamwambia ndiyo, hata katibu wake ndiye yule anayenawa. Akauliza kama matokeo yatagongwa muhuri. Nikamwambia lazima, bila muhuri gereza haliwezi kumtoa.

Aliangalia ule ukuta wa upande wa wanaume. Nikajua alichokuwa akikipima, na nilitamani sana achague jibu la kwanza. Kitanda chake kilikuwa kikimsubiri, na jua la jioni, na chai yake mwenyewe. Hakuna mtu ambaye angemlaumu, sembuse mimi.

Akaanza kuandika. Alitumia saa mbili na dakika chache. Katibu akasahihisha palepale, akahesabu, akahesabu tena, akatangaza kwa huzuni kwamba mfungwa bado anaumwa: alama tisini na saba. Akagonga muhuri.

Sikudhani akaomba nakala yake, ambayo ni haki ya mtahiniwa. Nyuma ya nakala hiyo, kwa kalamu ya katibu, aliandika mistari mitatu: kwamba yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kifungu cha nne tangu muhuri ulipogongwa; kwamba hakujiandaa, na kitabu cha mkuu wa gereza kinathibitisha hivyo kwa sahihi tisini; na kwamba kwa kifungu cha kumi na tisa atasimama upande wa mahabusu Makame Mwinyikai. Akanikabidhi.

Barua ya namna hiyo inapaswa kupelekwa wizarani kwanza, ikapate idhini. Wizara ilikuwa umbali wa dakika tano kwa miguu. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuwa nje ya nchi kwa wiki tatu, kwenye mkutano wa mataifa kuhusu haki, akitoa mada. Nilitembea na barua ile mpaka kona ya wizara, nikageuka. Niliiweka kwenye faili la Makame, juu kabisa, na asubuhi ya siku ya kesi nikaliweka faili mbele ya Jaji Fumbwe kabla ya mengine yote.

Aliisoma. Alisema kwa sauti ya chini kwamba haoni kasoro, na safari hii hakujiuliza hoja imetoka wapi.

*

Walimleta Sikudhani kwa nguo za gereza, na Makame kwa mlango mwingine. Hawakuwa wameonana kwa mwaka mzima. Makame alikuwa na miaka ishirini na tisa na meno ya mbele hana. Sikudhani alimtazama mara moja tu, akainamisha macho kwenye karatasi zake.

Bonaventura alisimama kuomba kesi iahirishwe. Jaji akamuuliza sababu. "Mheshimiwa, sijajiandaa," alisema kwa fahari, "kama sheria inavyotaka." Jaji akamwambia kwamba katika hali hiyo ya usafi hakuna sababu ya kuchelewa, na alete shahidi wake.

Shahidi alikuwa mlinzi wa nyumba ya Waziri. Alieleza jinsi geti lilivyotoweka. Sikudhani akasimama.

"Baba, asubuhi ya leo umeingia kazini kwa kupitia wapi?"

"Getini."

"Geti gani?"

Mlinzi alimtazama Bonaventura, ambaye alikuwa akipekua karatasi. "Hilohilo," akasema.

Hakuuliza zaidi. Makame aliachiwa huru. Niliitazama saa ya ukutani kwa mazoea ya kujaza daftari la mahakama: kesi ilikuwa imechukua dakika kumi na moja.

Wiki iliyofuata Waziri alirudi na medali kutoka mkutanoni. Jaji Fumbwe alistaafishwa kwa afya. Gazeti la serikali lilitangaza kwamba mtihani wa kusahau si mtihani, na kwamba atakayekuwa mwanafunzi kwa njia hiyo si mwanafunzi. Lakini hukumu ya Makame ilikuwa imeshapigwa chapa. Sikudhani yuko ndani hadi leo. Siku hizi angeweza kuchagua jibu la kwanza mara mia akatoka, na nilimwambia hivyo mara ya mwisho nilipomtembelea. Amefanya mtihani ule mara tano sasa, hajashuka tisini. Alisema wamemchukulia kila kitu, na hataki kuwasaidia kukimalizia kilichobaki.

Ila siku ile ya hukumu, baada ya askari kumrudisha dada yake garini, Makame alibaki amekaa kwenye ngazi za mahakama. Hakuwa na haraka. Hakujua aelekee wapi. Nilikwenda kukaa karibu naye, nikampongeza. Baadaye aliniuliza kama ni kweli kesi ilichukua dakika kumi na moja. Nikamwambia ni kweli, nimeandika mwenyewe.

"Walikuwa nazo kila siku," alisema. "Kila siku iliyopita, walikuwa nazo."

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyemwita pale mlangoni, mara tatu kila mwezi, kwa sauti nzuri ya kazini. Na kila alipoitika na kuingia, mimi ndiye niliyetangaza kwamba imeahirishwa.